Filamu ya 1948 inayonivunja mbavu na kunitisha kwa wakati mmoja

Shikamooni wakubwa zangu, na vijana wenzangu mambo vipi! Karibuni sana. Niko hapa hapa Isevya, Tabora, na leo nawaletea filamu, tena ya zamani kweli, ya nyeusi na nyeupe: Abbott and Costello Meet Frankenstein, ya mwaka 1948, dakika 83 tu. Katika filamu zote za kutisha nilizowahi kuziona, hii ndiyo naipenda kuliko zote.

Kwanza, sisi watu wa Tabora tunaingia mapema kwenye hadithi yake. Mji wetu ni wa reli, hapa ndipo njia inapogawanyika, moja Kigoma, nyingine Mwanza. Na mabwana wawili wa filamu hii, Chick na Wilbur, wanaoigizwa na wachekeshaji Abbott na Costello, ni makarani wa mizigo stesheni, kule Florida. Yanafika makasha mawili, moja lina jeneza la Dracula, yule mnyonya damu, jingine lina jitu la Frankenstein, yanakwenda kwenye nyumba ya maonyesho ya kutisha. Mara Wilbur anapigiwa simu kutoka London, mtu anamsihi asiyatoe makasha yale. Kabla hajamaliza, mwezi mpevu unachomoza, jamaa anageuka mbwamwitu na kuanza kunguruma kwenye simu. Wilbur anamshangaa: unanipigia kutoka London yote hiyo ili mbwa wako aongee na mimi?

Sasa twendeni kwenye mshumaa. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Usiku, mvua na radi, makasha yamepelekwa. Wilbur amebaki peke yake na jeneza la Dracula. Ameweka mshumaa juu ya mfuniko, anasoma maelezo ya jeneza kwa sauti. Mfuniko unainuka taratibu, unalia kwiii, na mshumaa unaanza kuteleza. Anauona. Anataka kumwita mwenzake, mdomo uko wazi, sauti haitoki, ni pumzi tu zinahangaika. Chick anakuja mbio: jeneza limefungwa, kila kitu kimetulia. Anamgombeza, anaondoka. Mfuniko unainuka tena!

Mnaona ujanja wake? Kinachochekesha na kinachotisha ni kitu kile kile: mtu ameona kwa macho yake, na hakuna anayemwamini. Nani hajapitia hayo utotoni? Umetumwa nje usiku, ukaona kitu chini ya mwembe, umerudi unahema, wakubwa wanakwambia kalale wewe. Lou Costello, anayeigiza Wilbur, anaibeba hofu hiyo usoni mpaka unamwonea huruma huku machozi ya kicheko yanakutoka. Nikiwaonyesha watoto wa kaka yangu, wanapiga kelele, "Shangazi, si amwambie!" Anamwambia, wanangu. Hasikilizwi.

Jambo la pili, na hili nalisema kwa heshima yote: waliopewa kutisha wanatisha kweli. Bela Lugosi, aliyeigiza Dracula kwenye filamu ya 1931, amerudi hapa, na hafanyi mzaha hata mara moja. Lon Chaney Jr., yule mbwamwitu wa simu ya London, ni mtu wa majonzi, anaomba afungiwe chumbani kabla mwezi haujatoka asije akadhuru watu. Glenn Strange ndiye lile jitu kubwa la Frankenstein. Tena aliumia mguu wakati wa kupiga picha, ikabidi Chaney avae sura ya jitu kwa kipande cha kumtupa mtu dirishani. Wachekeshaji wanachekesha, wa kutisha wanatisha, kila mtu anashika kazi yake. Filamu nyingi za siku hizi za aina hii zinanishinda kwa sababu hata jini lenyewe linataka kuchekesha.

Kasoro zipo. Dracula akigeuka popo, ule mchoro umechakaa. Kuna kioo kimoja kinachoonyesha sura yake wakati anamng'ata mwanamke, na sote tunajua Dracula haonekani kwenye kioo. Mambo ya mapenzi katikati yanavuta kidogo, ingawa kuna mrembo anayejidai kumpenda Wilbur, kumbe anautaka ubongo wake autie kwenye jitu, na hilo limenoga.

Mwaka 2001 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa. Haki yake kabisa.

Lugha ni Kiingereza, cha haraka, kwa hiyo ukikaa na wazee au watoto, mmoja awe anatafsiri. Sehemu ya mshumaa haihitaji tafsiri yoyote. Watoto wadogo sana wasubiri kidogo, jitu likisimama wanalia.

Na tafadhali, msizime mapema. Mabwana wetu wakishapanda mashua wakadhani wamepona, subirini. Kuna sauti ya mwigizaji Vincent Price hapo, na mwenyewe hamtamwona.