Seti ya runi za mbao: nunua vipande, kijitabu kiache

Runi ni herufi za kale za Ulaya Kaskazini, ambazo siku hizi hutumiwa kupigia ramli. Seti inayokaguliwa hapa ni ile iliyozoeleka kwa wauzaji wa vifaa vya kiroho vya Skandinavia: vipande 25 vya mviringo vilivyokatwa kwenye tawi, ganda likiwa bado limeshika pembeni, herufi zimechomwa kwa leza, na mfuko wa kitambaa wenye kamba. Kila kipande kina upana wa sentimita 3 hivi na unene wa milimita 5. Ndani ya mfuko kuna kijitabu chembamba. Kuitazama inapendeza. Kuitumia ni jambo jingine.

Anza kwa kuhesabu. Futhark ya Kale, yaani alfabeti ya runi ya mwanzo, ina herufi 24, katika makundi matatu ya nane nane. Kipande cha 25, kile kitupu ambacho wauzaji hukiita "runi ya Odin", si cha kale hata kidogo: kilienea kutokana na kitabu cha Mmarekani Ralph Blum cha mwaka 1982. Katika shairi la kale la Hávamál, mungu Odin alining'inia usiku tisa kwenye mti unaopigwa na upepo ndipo akazinyakua runi, wala hakuna ubeti unaosema mojawapo ilikuwa tupu. Kitoe mfukoni, lakini usikitupe. Herufi ikipotea, utachongea hapo nyingine. Ukikuta seti ya herufi 16, hiyo ni Futhark Changa ya enzi za Waviking, na si kasoro mradi muuzaji aseme wazi.

Tatizo kubwa la seti hii ni umbo. Kipande cha mviringo hakina juu wala chini. Herufi iitwayo Kenaz ni pembe iliyofungukia kulia; kipande kikizunguka robo duara, pembe inatazama juu au chini, nawe hujui imeanguka wima au kichwa chini. Gebo, yenye umbo la X, ikizunguka kidogo inageuka alama ya kujumlisha. Wanaosoma runi iliyopinduka kwa maana ya kinyume ndio wanaoumia zaidi, maana hata kwenye ubao mzuri kuna herufi tisa ambazo hazibadiliki ukizipindua: Gebo, Hagalaz, Nauthiz, Isa, Jera, Eihwaz, Sowilo, Ingwaz na Dagaz. Dawa ipo: kwa kisu, weka pengo dogo kwenye ukingo wa kila kipande, chini ya miguu ya herufi. Lakini lisiwe kubwa kiasi cha kuhisiwa na kidole mfukoni.

Umbo hilo hilo ndilo linaloleta nyufa. Mbao ikikauka husinyaa kufuata mzunguko wa pete zake karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea kiini, na mvutano huo hukipasua kipande kuanzia kiini hadi kwenye ganda. Ufa ukipita juu ya Isa, ambayo ni mstari mmoja tu wa wima, herufi inamezwa. Ufa ukipita kwenye kipande kitupu, umepata Isa ya pili bure. Ganda nalo huachia baada ya muda.

Kama una nafasi ya kuchagua, tafuta vijiti bapa vilivyopasuliwa kufuata nyuzi za mbao: urefu wa sentimita 4, upana wa 1.5, unene wa milimita 5. Havipasuki ovyo, na ni rahisi kujua upande gani ni juu. Herufi zenyewe zinakaa vizuri kwenye ubao wa namna hiyo. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba hazina mistari ya mlalo kwa sababu kisu kikifuata nyuzi, mchongo hupotea ndani yake. Ukiona seti yenye herufi za kupindapinda, aliyeichora alifikiria kalamu, si kisu.

Kagua herufi moja moja kabla ya kulipa. Wunjo na Thurisaz zote ni nguzo yenye pembetatu upande wa kulia, ila ya Wunjo iko kileleni na ya Thurisaz iko katikati. Hizi ndizo huchanganywa kwa urahisi. Fehu ina matawi mawili yanayopanda, Ansuz mawili yanayoshuka, Laguz moja linaloshuka. Mannaz na Dagaz zote zina msalaba kati ya nguzo mbili, lakini wa Mannaz uko juu na miguu inabaki wazi. Sowilo iliyogeuka kama kwenye kioo isikutie wasiwasi, kwani wachongaji wa kale waliielekeza upande wowote.

Katika saga ya Egil, hadithi ya kale ya Iceland kuhusu mshairi wa jina hilo, kijana mmoja alimchongea msichana aitwaye Helga runi za mapenzi kwenye mfupa wa nyangumi, akakosea, na msichana akaugua. Egil alizikwangua, akauchoma mfupa, akachonga nyingine na kuziweka chini ya mto. Msimamo wake ulikuwa kwamba asiyejua kusoma runi asizichonge. Viwanda vingi vya leza vingefungwa.

Kijitabu ndicho kibovu kuliko vyote. Kinadai runi zina maelfu ya miaka na zilitoka kwa makuhani wa bara lililozama. Ingekuwa riwaya ya historia mbadala tungeifurahia. Kama mwongozo ni hasara. Miongoni mwa maandishi ya runi ya zamani kabisa ni chanuo lililopatikana Vimose, Denmark, la mwaka 160 hivi. Maana za herufi zinategemea mashairi matatu ya kale, yenye ubeti mmoja kwa kila herufi: la Kiingereza cha Kale lenye beti 29, na ya Norway na Iceland yenye beti 16 kila moja. Majina kama Fehu na Gebo yameundwa upya na wanaisimu kwa kulinganisha lugha. Gebo, Wunjo, Perthro, Dagaz na Othala zina ubeti wa Kiingereza peke yake, na maana ya jina Perthro bado ni kitendawili. Anayekupa maana yake kwa uhakika anabahatisha.

Kijitabu kikisifu mfumo wa herufi 18, ujue ni wa Guido von List wa Austria, aliyeuchapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Wanazi walivutwa na fikra za aina hiyo, na Sowilo mbili zikawa nembo ya SS, kikosi chao. Kuionyesha hadharani Ujerumani ni kosa la jinai.

Kwa kupiga ramli yenyewe, fuata Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi aliyeandika kuhusu Wajerumani wa kale mwaka 98, ingawa yeye anataja "alama" tu bila kusema ni runi. Tandika kitambaa cheupe, nusu mita kwa nusu mita inatosha, mwaga vipande vyote bila mpango, kisha okota vitatu, kimoja kimoja, macho yakitazama juu. Jibu likikataza, jambo hilo haliulizwi tena siku hiyo. Mpangilio wa msalaba wa vipande kumi ulio kijitabuni umeazimwa kwenye kadi za tarot.

Mbao ya seti hii huja kavu, haijapakwa kitu. Sugua kwa msasa laini, paka mafuta ya kitani tabaka jembamba, futa yanayobaki baada ya dakika 15, kisha acha hadi isinate tena kabla ya kurudisha mfukoni. Kitambaa ulichofutia kitandaze kikauke nje. Kikikunjwa na mafuta hayo hupata joto chenyewe na kinaweza kuwaka.