Kupandisha Exchange 2010 ya klasta hadi SP3: uzoefu wangu

Kwa wenye haraka nianze na hukumu. SP3 (Service Pack 3, kifurushi cha tatu cha maboresho) ya Exchange 2010, seva ya barua pepe ya Microsoft, ni kifurushi kizuri, na kwenye klasta ya DAG (Database Availability Group, kundi la seva zinazotunza nakala za hifadhidata zilezile ili moja ikizima nyingine ichukue kazi) unaweza kukiweka watu wakiendelea kutuma barua zao bila kushtuka. Ila kama DAG yako ina seva mbili tu, kama yetu, kuna kipindi katikati ya kazi ambapo klasta imebaki jina. Usipokipangia, utakipitia ukiwa na jasho.

Najua kuna watakaosema hii ni habari ya kale. Kweli, SP3 ilitoka Februari 2013, na Microsoft waliacha kuihudumia Exchange 2010 tarehe 13 Oktoba 2020. Lakini nimewahi kuingia vyumba vya seva ambako 2010 bado inavuma, na njia ya kutoka humo inapita hapahapa: Exchange 2016 haikubali kukaa pamoja na 2010 isiyofika SP3, tena iwe na Rollup 11 (kifurushi kidogo cha marekebisho) au ya baadaye. Kwenda 2019 moja kwa moja ndiyo usahau kabisa.

Sisi tulitokea SP2, ofisi ya ukubwa wa kati hapa Dar, na sababu yetu ilikuwa moja: uongozi ulitaka Exchange 2013, nayo haiingii bila SP3. Mpangilio wa kazi haujadiliwi. Unatanguliza skima (ramani ya muundo wa data) ya Active Directory, ile saraka ya watumiaji na kompyuta za ofisi, kwa kuwa SP3 inaibadilisha. Zinafuata seva za Client Access (zinazopokea watumiaji), kisha Hub Transport (zinazosafirisha barua), na mwisho kabisa zile zinazotunza masanduku ya barua. Hatua za mwanzo hazina hadithi. Ziliisha, tukanywa chai.

Kabla ya chai, lakini, kagua mambo mawili. La kwanza ni sera ya kundi (Group Policy) kwenye domeni. Kama inaamua ruhusa za kuendesha skripti za PowerShell, iondoe kwa muda, maana setapu inaweza kukwama njiani ikiwa imeshazima huduma zote za Exchange, ukaachwa na seva iliyolala. La pili linatuhusu sana sisi ambao seva zetu hazina intaneti kwa sababu za usalama. Kila setapu inapogusa faili lenye saini ya kidijitali, Windows inatoka kwenda kuuliza mtandaoni kama cheti cha aliyesaini kimefutwa. Haipati jibu, inasubiri mpaka muda uishe, inaendelea na faili linalofuata, halafu inauliza tena. Ule mstari wa kijani unaganda kiasi kwamba unashawishika kuzima seva. Usizime! Dawa iko kwenye mipangilio ya Internet Explorer, kichupo cha Advanced, sehemu ya Security: toa tiki kwenye ukaguzi wa vyeti vilivyofutwa vya wachapishaji, maliza kazi, kisha uirudishe.

Sasa DAG yenyewe. Katika folda ya Scripts kuna StartDagServerMaintenance.ps1, na kwangu hiyo ndiyo sababu ya kuisifu Exchange 2010. Inahamisha hifadhidata zinazotumika kwenda kwenye seva mwenza, inazuia zisirudi, inasimamisha nodi (yaani seva unayoishughulikia) kwenye klasta na kukabidhi uongozi wa DAG kwa seva nyingine. Tulipoiendesha, aliyekuwa ndani ya Outlook hakuona kitu. Ukikumbuka ile CCR, mfumo wa klasta wa Exchange 2007, ambapo ilibidi usimamishe huduma nzima ya masanduku ili kuihamishia kwenye nodi iliyopandishwa, utashukuru.

Lakini fikiria hesabu ya seva mbili. Ya kwanza ikiwa kwenye matengenezo, ya pili inabeba kila kitu peke yake, na ikizima hakuna mrithi. Ya kwanza ikishapanda SP3, unahamishia hifadhidata zote kwake ili uishughulikie ya pili. Hapo ndipo pasipo na kurudi. Hifadhidata iliyokwisha kufunguliwa kwenye seva ya SP3 haiwezi kurudi kwenye seva ya SP2. Na kifurushi hakiondolewi. Ukikiondoa umeiondoa Exchange yenyewe. Kwa hiyo kuanzia dakika ile mpaka seva ya pili imalize, kinga yako ni bakapu tu. Tulipiga bakapu kamili kabla, tukaijaribu kwa kurejesha sanduku moja, tukahakikisha genereta ina mafuta. Ungekuwa na seva ya tatu, usingalazimika kupita kipindi hiki bila mrithi. Nilimwambia bosi hivyo, akacheka.

Kero pekee ya kweli ilitoka kwenye programu yetu ya bakapu, ambayo jina lake nalihifadhi. Setapu ilikataa kuanza kwenye nodi ya pili kwa sababu wakala wa bakapu ameshikilia mafaili. Tukamzima, akajiwasha. Tukamzima tena, akajiwasha tena, kwa vile huduma yake imewekwa ijifufue yenyewe. Wauzaji walipopigiwa walituambia "mzimeni tu, kaka". Ilibidi tuiweke huduma hiyo katika hali ya kutowashwa kabisa ndipo setapu ikapita.

Baada ya kazi usiridhike na ujumbe wa kijani. Amri ya Get-ExchangeServer ikuonyeshe Version 14.3 (Build 123.4) kwenye kila seva, na Get-MailboxDatabaseCopyStatus ionyeshe Healthy upande wa nakala, foleni ya kunakili ikiwa sifuri. Kisha RedistributeActiveDatabases.ps1 igawe mzigo upya.

Jumatatu barua zilikuwa zinatembea vizuri. Malalamiko yalikuja kutoka kwa katibu muhtasi wa mkurugenzi: nembo ya ofisi imetoweka kwenye ukurasa wa kuingilia barua pepe kwa kivinjari. SP3 hutengeneza folda mpya ya OWA (Outlook Web App, huo ukurasa wa kivinjari) yenye namba ya toleo lake, na picha zako zinabaki kwenye ile ya zamani. Zinakili kwenda folda mpya ya themes\resources kwenye kila seva ya Client Access. Nyota nne kati ya tano.