Altezza yangu imerudi juu: uzoefu wangu na shokapu za KYB New SR Special kwenye barabara za Mwanza

Mwanza ina watu wengi wanaoipenda Altezza, na karibu kila anayeipenda anataka ilale chini. Mimi nimefanya kinyume. Nimeinyanyua hadi kimo chake cha kiwandani, nikaifumua miguu yote (shokapu, springi na mikono inayoshika magurudumu), nikafunga shokapu mpya za kampuni ya KYB ya Japani, aina ya New SR Special, zile za bluu. Nimeshaiendesha vya kutosha mjini na safari ndefu, na naandika kwa ajili ya yeyote mwenye gari la spoti la umri huu anayejiuliza pesa yake aanze kuitia wapi.

Ya kwangu ni toleo la RS200, injini ya 3S-GE, gia sita za mkono. Toyota waliitoa Altezza mwaka 1998, na sifa yake kubwa kwangu si injini, ni namna miguu yake ilivyopangwa: kila gurudumu, mbele na nyuma, linashikwa na mkono wa juu na mkono wa chini. Mpangilio huo unafanya tairi likae vizuri barabarani hata bodi ikiinama kwenye kona. Lakini mikono hiyo yote inaning'inia kwenye bushi za raba, na raba ya miaka zaidi ya ishirini imeshapasuka, hata kama gari kwa nje linang'aa.

Mwenye gari aliyenitangulia alikuwa amefunga koilova (shokapu na springi zilizounganishwa, unazoweza kurekebisha urefu wake) za bei ya chini, jina silitaji. Mbili zilikuwa zinavuja oili. Springi zake zilikuwa ngumu, shokapu hazina nguvu ya kuzizuia, kwa hiyo gari lilikuwa linarukaruka kwenye kila mkunjo wa lami. Kwenye zile barabara za mawe zinazopanda Isamilo kichwa kilikuwa kinauma. Matuta nilikuwa nayapita kwa pembe, tairi moja moja, huku foleni ya bajaji na bodaboda ikinipigia honi nyuma. Tairi za nyuma zilikuwa zimelika upande wa ndani, jambo la kawaida kwa Altezza iliyoshushwa, kwa sababu gari likishuka magurudumu yanalala kwa ndani na ukingo wa ndani ndio unaobeba mzigo.

Fundi wangu yuko Nyakato. Nilimpelekea gari nikiwa na shauku ya shokapu tu. Akaingia chini, akashika gurudumu la mbele juu na chini, akalitikisa, akaniita nisikilize. "Dada, shokapu ni za mwisho. Ukifunga shokapu mpya kwenye bushi zilizokufa, utarudi hapa mwezi ujao unaniambia KYB ni feki. Tuanze na boli jointi." Nashukuru alisimama kwenye msimamo wake, maana boli jointi za chini za mbele, viungo vinavyounganisha mkono na gurudumu, ni sehemu ambayo mwenye Altezza hapaswi kuifanyia mchezo. Zikichoka zinaanza kwa kugonga kidogo ukikata usukani, tairi linaanza kulika ovyo, na ikifika siku ya kuchomoka gurudumu linajikunja chini ya fenda. Fikiria hilo likikutokea ukiwa unashuka kutoka Bugando. Nilichukua za chapa ya 555 ya Japani kwenye duka ninaloliamini, nikakagua boksi na maandishi yaliyochongwa kwenye chuma chenyewe kabla ya kulipa.

Bushi za mikono tuliweka za raba, siyo za poliurethani. Hapa najua wadau watabishana nami. Poliurethani inadumu na inakaza gari kweli, lakini inapitisha mtetemo zaidi, na ikikosa grisi yake inaanza kulia kila unapopita tuta. Kwa barabara za mawe na vumbi letu la kiangazi, raba kwenye mikono ndiyo chaguo langu. Poliurethani niliiweka kwenye stebilaiza peke yake (ile fito ya chuma inayozuia bodi isiiname sana kwenye kona), mbele na nyuma, kwa sababu pale unapata faida yote ya kupunguza kuyumba bila kuumiza mgongo.

Kuna hatua moja gereji nyingi zinairuka, na ningeomba uisimamie mwenyewe. Bushi ya raba imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje. Haizunguki, inajinyonga. Boliti zikikazwa gari likiwa limening'inia kwenye jeki, siku likishuka chini raba inakuwa imejinyonga muda wote, hata likiwa limeegeshwa, na inapasuka mapema. Kwa hiyo boliti zinashikizwa kwanza, gari linashushwa lisimame kwa uzito wake kwenye magurudumu, ndipo zinakazwa za mwisho. Fundi wangu aliliweka juu ya mbao nene nne ili apate nafasi ya kuingiza spana. Ilichukua muda, na muda huo una thamani yake.

Sasa shokapu zenyewe. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi: oili inasukumwa kupita kwenye matundu madogo ya vali, mwendo unageuka kuwa joto, na gari linaacha kudunda. Ndani kuna gesi ya nitrojeni inayozuia oili isifanye povu ikipigwa mfululizo, kama inavyotokea kwenye barabara ya vumbi yenye makunyanzi. New SR Special zimetengenezwa ngumu kiasi kuliko zile zilizokuja na gari, na zinafanya kazi na springi za kiwandani bila kubadilisha kimo. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Sikutaka koilova nyingine, hata nzuri, kwa sababu nati ya kurekebisha urefu ikishaingia mchanga na tope la masika, siku ya kuizungusha utahitaji nyundo.

Springi za kiwandani nilizipata Kariakoo, za mtumba, kwa kuwa za kwangu zilishauzwa zamani na mwenye gari wa kwanza. Pima urefu wa kila moja ikiwa mezani, na angalia kutu kwenye mzunguko wa chini kabisa. Chuma kilichokaa pwani au kwenye mikoa ya Japani inayomwagiwa chumvi barabarani wakati wa theluji kinaliwa hapo. Sisi ziwa letu ni la maji baridi, kutu yake si kali kama ya bahari, lakini spea hujui imeishi wapi. Usisahau pia raba za bampu, vumbi-kava na maunti za juu (vishikizo vya shokapu kwenye bodi). Mpya zote. Maunti iliyochoka inatoa mlio unaofanana kabisa na shokapu mbovu, na watu wameshatupa shokapu nzima kwa sababu yake.

Ukiagiza, taja namba ya bodi: SXE10 ni hii ya injini ya 3S, GXE10 ni ile ya injini ya 1G. Na kama muuzaji wa nje haijui Altezza, mwambie Lexus IS200, ndilo jina lililouzwa Ulaya, ila hakikisha namba ya spea inalingana kabla ya kutuma pesa. Shokapu nne mpaka kufika Mwanza zilinigharimu zaidi kidogo ya milioni moja na nusu. Ukijumlisha bushi, boli jointi, springi na ufundi, hesabu inakaribia milioni tatu. Ni pesa nyingi. Kuna watu wanatoa hizo hizo kwenye rimu.

Alaimenti nilifanya mara mbili, mara tu baada ya kufunga na tena bushi zilipokwisha kukaa. Dai karatasi ya vipimo, usikubali kuambiwa "iko poa". Mbele niliomba magurudumu yalale ndani nyuzi moja hivi, na tou, yaani mwelekeo wa magurudumu ukiyatazama kutoka juu, iwe ya kuingia ndani kidogo sana. Gari linanyooka, na tairi zinalika sawasawa.

Na barabarani? Kitu cha kwanza nilichokiona ni breki. Pua haizami tena nikikanyaga ghafla, na kwa mji wenye bodaboda zinazokatiza kama Mwanza hiyo ni salama yangu na yao. Isamilo napanda nikiongea kawaida na abiria. Mawe bado nayasikia, gari ni la spoti na tairi zake ni 215/45 za inchi 17, hazina nyama ya kumeza kila kitu. Tofauti ni kwamba pigo linakuja mara moja na kuisha. Kwenye kona za Capri Point gari linainama kidogo, linatulia, halafu linafuata usukani bila kubishana.

Jaribio nililolipenda zaidi ni njia ya Usagara kwenda Kigongo, kisha daraja la Kigongo–Busisi. Daraja lile lina urefu wa kilomita tatu juu ya maji, na upepo wa ziwa unakupiga ubavuni bila kizuizi. Zamani upepo wa namna hiyo ulikuwa unanilazimisha kurekebisha usukani kila sekunde, kwa sababu bushi zilizolegea zinaacha magurudumu yajielekeze yenyewe. Sasa nilishika usukani kwa utulivu kwa mwendo halali, na maungio ya daraja yalipita kwa mlio mfupi. Barabara ya Musoma, kuanzia Kisesa hadi Magu, penye lami iliyobonyezwa na malori, ndipo gari bado linavutwa kidogo kufuata mifereji. Hilo ni la tairi pana, siyo la shokapu.

Malalamiko yapo. Wiki za kwanza shokapu zilikuwa ngumu hasa asubuhi, nikaanza kuwa na wasiwasi, kisha zikalainika. Ukipanda peke yako na tangi likiwa tupu, nyuma inadunda kiasi kwenye rasta. Mama yangu alikaa nyuma hadi Bunda akasema afadhali kuliko zamani, lakini hakusema ni laini, na mimi nakubaliana naye.

Kama gari lako ni la maonyesho na unataka tairi ziingie ndani ya fenda, New SR Special pamoja na springi za kiwandani hazitakuridhisha hata kidogo. Kama unaliendesha kila siku, unapita Mabatini asubuhi na Jumapili unataka kunyoosha hadi Sengerema, nazipa alama tisa kwa kumi, kwa sharti la boli jointi na bushi kwanza. Alama moja nimeibakiza hadi masika mawili yapite, nione kama sili za oili zitahimili tope letu.