Satisfactory: ukibomoa, unarudishiwa kila kitu

Kama unapenda michezo ya kujenga viwanda na una kompyuta yenye nguvu kiasi, nunua Satisfactory. Wengi huisifu kwa ujenzi wake, na ni kweli inajengeka. Mimi naipendekeza kwa ubomoaji. Sijakutana na mchezo mwingine unaomheshimu mtu anayevunja alichojenga jana ili akisimamishe vizuri zaidi leo.

Kazi yangu ni mahema. Tunatoka Kisumu Ijumaa na lori, tunasimamisha mahema na kupanga viti vya matanga au harusi, mara Bondo, mara Nyakach, mara Mbale kule Vihiga, halafu shughuli ikiisha tunashusha. Aliye kwenye kazi hii anajua kwamba kushusha ndiko kunakokula faida. Vigingi vinabaki kwenye tope, kamba inaondoka na mtu, na hema la viti 100 linarudi stoo likiwa na nguzo pungufu. Kwa hiyo nikifungua mchezo wowote wa ujenzi, swali langu la kwanza ni moja: nikivunja, narudishiwa nini?

Hapa unarudishiwa vyote. Unabonyeza F, unaielekea mashine, na kabla hujathibitisha unaonyeshwa kwenye skrini orodha ya vitakavyorudi: bamba, nyaya, saruji, kila kimoja na idadi yake. Unashikilia kitufe kidogo, mashine inatoweka, mali iko mkononi. Hakuna makato. Hata madini yaliyokuwa ndani yake yanarudi, pamoja na vile vipande vya kuongezea kasi kama uliviweka. Mzigo ukizidi nafasi uliyo nayo, kinachobaki kinawekwa kwenye sanduku palepale ulipobomolea, utakifuata baadaye. Ukitaka kubomoa vingi kwa mpigo, unashika Ctrl na kuvipitia kimoja kimoja, na unaweza kuchuja ili uchukue aina moja tu, tuseme mikanda ya kusafirishia mali, bila kugusa sakafu iliyo chini yake.

Mpangilio wa kuvunja nao hauna masharti. Kwetu, ukitoa nguzo ya kati kabla ya kulegeza kamba umemwangushia mtu hema kichwani. Humu sakafu inaelea. Ondoa nguzo zote za chini na ghorofa nzima, pamoja na mashine zake, inabaki hewani ilipokuwa. Mwanzoni jambo hilo lilinisumbua macho, ila ndilo linalokuruhusu kutoa sehemu moja ya kiwanda huku nyingine ikiendelea kuzalisha.

Na mara nyingi huhitaji kubomoa kabisa. Chukua mgodi wa chuma ulio safi: mashine ya kuchimba ya daraja la kwanza inatoa vipande 120 kwa dakika, lakini mkanda wa daraja la kwanza unabeba 60 tu. Nusu ya uchimbaji inakwama. Tanuri moja linakula 30 kwa dakika, kwa hiyo mkanda huo unalisha matanuri mawili basi. Ukifungua mkanda wa daraja la pili, unaobeba 120, unauchora juu ya ule wa zamani na unachukua nafasi yake bila kukata njia. Matanuri yanakuwa manne. Nguzo za umeme ni vivyo hivyo: ukiweka ya daraja la pili juu ya ya kwanza, nyaya zinabaki zimeshikana, na badala ya miunganisho 4 sasa una 7. Ila ukiibomoa nguzo yenyewe, nyaya zake zote zinakwenda nayo na mashine za mbele zinazima. Panga njia nyingine ya umeme kwanza.

Kasoro ninayoiona ni hii: huwezi kuinua jengo zima na kulisogeza. Ukitaka safu ya matanuri isogee mita nane, yaani upana wa kipande kimoja cha sakafu, utaibomoa na kuijenga tena. Dawa yake ni mashine ya michoro (Blueprint Designer). Unajenga safu yako ndani yake mara moja, unaihifadhi, kisha unaipiga chini popote kwa mara moja, na baadaye unaweza kuibomoa ikiwa kitu kimoja. Ile ya kwanza ina nafasi ya sakafu nne kwa nne, ni finyu kwa kiwanda kikubwa. Toleo la 1.1, la mwaka 2025, limesaidia sana kwa sababu michoro ikikaa jirani, mikanda inaweza kuungana yenyewe.

Wanaocheza Factorio, mchezo mwingine wa kujenga viwanda, watasema roboti zao zinabomoa zenyewe. Ni kweli, na kwa kasi hawashindiki. Lakini kule wadudu wanaweza kukuvamia ukiwa umevunja nusu ya kiwanda. Wanyama wa Satisfactory watakuuma wewe, hawagusi majengo. Unaweza kuacha kiwanda kikiwa wazi wiki nzima, ukarudi kutoka safari za matanga, ukaendelea ulipoachia.

Bei ni dola 39.99, zaidi ya shilingi 5,000. Ni pesa, kwa hiyo subiri punguzo. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo, huja mara kadhaa kwa mwaka. Tenga gigabaiti 20 au zaidi za nafasi, na upakue usiku kama bando lako la usiku ni nafuu. Laptopu ya ofisi isiyo na kadi ya picha (GPU) haitaiweza, usijidanganye. Mchezo unahifadhi wenyewe kila baada ya muda, lakini stima za Manyatta, mtaa wa Kisumu, zinajulikana kwa kupotea: kwenye mipangilio, punguza dakika za kuhifadhi kabla hujaanza kubomoa kitu chochote kikubwa.