Daftari la saa za kuruka, la Kimarekani au la Ulaya? Uzoefu wangu, Lubumbashi

Nimetumia madaftari ya mitindo yote miwili. Kwa mtu anayetafuta lisansi ya rubani wa biashara, ambaye kesho atataka itambulike hapa Kongo, ningenunua la Ulaya, ingawa lina pengo moja linaloudhi.

Kwanza tuelewane mkaguzi anatafuta nini. Kiwango cha ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) ni saa 200, au 150 kwa aliyefuata kozi iliyoidhinishwa. Ndani yake zionekane saa 100 ukiwa rubani mkuu (70 kwa kozi hiyo), saa 20 za safari ndefu, za kutoka kiwanja hadi kiwanja, ukiwa rubani mkuu, na saa 10 za mafunzo ya kuruka kwa vyombo (bila kutegemea kuona nje), ambapo za ardhini, kwenye mashine ya kuigiza, hazizidi 5. Anayetaka ruhusa ya usiku anaongeza saa 5 za usiku, zenye kupaa mara 5 na kutua mara 5 akiwa rubani mkuu. Unaweza kuwa na saa 230 na ukarudishwa mlangoni kwa sababu safu moja tu imepungua.

Daftari la Kimarekani lina safu nyingi, na hiyo ni raha: safari ndefu, usiku, vyombo vya kweli, vyombo vya kuigiza kwa kofia ya kuziba macho. Tabu yake inatokana na sheria ya kule. Mwenye lisansi ya binafsi anayeshika usukani mwenyewe, mwalimu akiwa pembeni, katika ndege anayoruhusiwa kurusha anaweza kuandika saa ileile kwenye safu ya mwanafunzi na ya rubani mkuu pia. Mkaguzi anayefuata ICAO hakubali: saa ya kufundishwa ni ya kufundishwa. Aliyejihesabia 110 za urubani mkuu, kumbe 35 zilikuwa na mwalimu pembeni, anabaki na 75. Kama unalo tayari, usilitupe. Pitia mstari kwa mstari, na kila penye safu zote mbili zimejazwa, toa saa hizo kwenye jumla yako kwenye karatasi ya pembeni kabla ya mtu mwingine kukutolea.

La Ulaya halikuachii nafasi ya mchezo huo. Linadai kiwanja na saa ya kuondoka, kiwanja na saa ya kufika, jina la rubani mkuu, kisha kazi yako ndani ya ndege. Pengo lake ni kwamba halina safu ya safari ndefu. Saa 20 zile zinajificha kwenye safu ya maelezo, na usipoziandika siku hiyohiyo utakuja kuzitafuta kwa tochi. Mimi naandika neno «safari» na kilomita, kisha najumlisha kwa kalamu ya risasi chini ya ukurasa. Kupaa usiku nako kunaenda kwenye maelezo, kwa kuwa safu iliyopo ni ya kutua tu.

Kilomita ni muhimu kwa sababu safari moja lazima ifike kilomita 540, na utue na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Watu wa hapa wanadhani kutoka Luano, kiwanja cha Lubumbashi, hadi Kolwezi na kurudi inatosha. Haitoshi! Kwenda ni kama 240 kwa mstari ulionyooka, kwenda na kurudi 480. Ongeza kiwanja cha tatu kwenye mpango kabla ya kununua mafuta. Saa za ndege si za kurudia bure.

Saa zote ni UTC, yaani saa moja ya dunia nzima, si ya mji ulipo. 08:00 ya Lubumbashi ni 06:00 kwenye daftari, lakini 08:00 ya Kinshasa ni 07:00. Anayeruka kati ya miji hii akaandika saa za kienyeji anajikuta na saa moja iliyozidi au iliyopungua. Kosa jingine ni desimali. Saa moja na dakika 30 ni 1.5, na 1.3 ni saa moja na dakika 18. Daftari la Ulaya linatumia saa na dakika, kwa hiyo ukihamisha mistari kutoka la Kimarekani, badilisha mmoja mmoja, usibadilishe jumla.

Muda unaohesabika ni tangu ndege inapoanza kusogea ili ipae hadi inaposimama mwisho wa safari. Usinakili saa ya mizunguko ya injini: injini ikizunguka polepole ardhini, saa hiyo nayo inakwenda polepole, na unajiibia dakika kila safari.

Programu za simu? Zinajumlisha vizuri na zinatoa kurasa za mitindo yote miwili. Ila saini ya mwalimu na namba ya lisansi yake viwe kwenye karatasi, kwa hiyo simu naitumia kama nakala tu.

Ukienda dukani, chukua lililoshonwa na lenye jalada gumu, maana kurasa za gundi zinang'oka na ukurasa uliong'oka unazua maswali. Fungua ukurasa wa katikati, jaribu kalamu ya biki nyeusi: wino ukipenya upande wa pili, liache. Ukikosea, piga mstari mmoja, andika sahihi juu yake, tia saini. Wino mweupe wa kufutia usiuguse kabisa.