Jeli ya chunusi, mafuta ya mgando na upepo wa Mwaloni: uzoefu wangu wa miezi minne

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kila nikisema uso wangu umetulia. Tyubu ya gramu 15 ya jeli ya adapalini, dawa yangu ya chunusi, ile ya asilimia 0.1, niliinunua Sh 18,000 kwenye duka la dawa huku Kirumba, Mwanza. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato, Sh 3,000. Glisirini, Sh 2,500. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshateketeza zaidi ya laki moja na nusu kwa makopo ambayo mpaka leo yamekaa juu ya kabati yanapigwa vumbi, na moja kati ya hayo liliniharibu. Nitalifikia.

Nina miaka 28, ni wakala wa pesa, kibanda changu kiko jirani na soko la samaki la Mwaloni. Nafungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa sababu wafanyabiashara wa dagaa hawangoji jua lichomoze. Mwezi wa sita mpaka wa nane mvua imekata, vumbi la barabarani limepata nafasi, na upepo unakupiga usoni kuanzia unapofungua kufuli mpaka unapofunga hesabu. Watu wa mbali wakisikia Mwanza ni mji wa ziwani hudhani ngozi zetu zinalowa zenyewe. Maji nayaona nikiwa nimekaa kwenye stuli yangu, na midomo bado inapasuka.

Kipupwe chetu hakina theluji. Binamu yangu yuko Norway, yeye anasema baridi ikiingia wanapasha nyumba moto, na ile hewa ya ndani ndiyo inayowakausha. Huku nani anapasha nyumba? Sisi tunajikausha kwa ndoo. Asubuhi ya Julai unaogopa maji baridi, unachemsha birika zima, unachanganya kidogo tu na ya bomba, unajimwagia mpaka usoni. Yale maji ya moto yanaondoka na mafuta yote ya ngozi, halafu unatoka kukutana na upepo.

Basi Juni uso wangu ulikuwa na mambo mawili yasiyotakiwa kukaa nyumba moja. Kidevuni na mashavuni chunusi, zile za ndani zinazouma siku mbili kabla hazijaonekana. Pembeni mwa pua na kuzunguka mdomo, magamba. Nikipaka poda inang'ang'ania kwenye magamba kama unga wa muhogo uliomwagikia mkeka. Mama mmoja muuza dagaa, mteja wangu wa kila siku, alinisalimia kwa Kisukuma, “Mwangaluka”, kama kawaida, kisha akainama kwenye kidirisha akanitazama. “Mayu, huo uso umechomwa na mafuta ya maandazi?”

Nilikuwa najiuliza inawezekanaje uso uvuje mafuta na ubanduke kwa wakati mmoja. Jibu nililopata baadaye ni jepesi. Mafuta yanatoka kwenye vinyweleo, na chunusi inaanza pale kinyweleo kinapozibwa na mafuta pamoja na ngozi iliyokufa, bakteria wakazaliana humo, pakavimba. Ukavu ni habari nyingine: ni maji yanayopotea kwenye ngozi ya juu kabisa. Ngozi hiyo ikichokozwa hupasuka kama tope la ufukweni maji yakirudi nyuma. Kwa hiyo ukiukausha uso kwa nguvu ukidhani unaua chunusi, vinyweleo vinaendelea kutoa mafuta yake kama kawaida, na wewe umeongeza kidonda juu.

Na mimi nilikausha kwelikweli. Sabuni ya kipande ya kufulia, mara nne kwa siku. Dodoki. Limao, ambalo lilinichoma nikalia. Dawa ya meno usiku, mpaka mdogo wangu akasema chumba kinanuka kama kliniki ya meno. Mafuta ya nazi wiki mbili, na paji la uso likaota vipele vidogo vidogo kama mtama.

Halafu ndiyo likaja lile kopo. Duka moja la vipodozi mjini, muuzaji mchangamfu, kopo jeupe lisilo na lebo, “mchanganyiko wetu wenyewe, dada, siku tano tu.” Hakudanganya kuhusu siku tano. Siku ya nne chunusi zote zilinywea, uso ukang'aa, nikapiga picha nikaweka kwenye stetasi. Nilitumia wiki tatu. Lilipoisha nikakaa siku sita bila kulipaka, na siku ya saba niliamka uso mwekundu, unawaka, vipele mara mbili ya vile vya mwanzo. Nilirudi dukani. Yule muuzaji akaniambia ninunue kopo lingine, kubwa zaidi.

Sikulipeleka kupimwa, kwa hiyo sitadai najua lilikuwa na nini. Ila mfamasia niliyemsimulia alitikisa kichwa kabla sijamaliza. Krimu za steroidi, akasema, ndizo zenye tabia hiyo: zinatuliza uvimbe haraka, zinaifanya ngozi kuwa nyembamba, zenyewe zinaleta chunusi, na ukiziacha ghafla ngozi inalipuka. Zebaki na haidrokwinoni, zile za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, lakini kopo lisilo na lebo halikwambii limebeba nini.

Mfamasia mwenyewe ni baba wa makamo, mpole, anavaa sweta mwezi wa saba kama sisi wote. Kabla hajashika dawa yoyote aliniuliza maswali. Una mimba, dada, au una mpango wa kubeba karibuni? Unanyonyesha? Kichwani unapaka nini? Unaosha uso mara ngapi? Lile la kichwani lilinishangaza. Nilikuwa nimesuka, na kila jioni napaka mafuta mazito kwenye mistari. Yanateremka mpaka kwenye paji, akasema, hasa ukilala. Nilipoacha kuyapaka karibu na uso, vile vipele vya mtama vilipungua kabla hata sijaanza dawa.

Nilitegemea anipe jeli siku hiyohiyo. Alikataa. “Ngozi hii imechoka. Nenda kailishe kwanza, wiki mbili, halafu urudi.” Nilitoka na kopo la mafuta ya mgando na kichupa cha glisirini, nimekasirika, maana mafuta ya mgando bibi yangu alikuwa anatupaka miguuni ili tusipauke shuleni.

Alichonielekeza ndicho nilichoshika mpaka mvua zilipoanza. Naosha uso mara mbili tu kwa siku, maji ya vuguvugu, sabuni laini ya maji isiyo na harufu. Nakausha kwa kubonyeza taulo, sisugui. Uso ukiwa bado una unyevu, nadondoshea matone mawili ya glisirini kiganjani, naongeza maji kama kijiko cha chai, napaka. Glisirini inavuta maji, kwa hiyo usiipake kavu kwenye upepo mkavu, inaweza kuyavuta kutoka kwenye ngozi yako mwenyewe. Hapohapo, kabla maji hayajakauka, mafuta ya mgando kiasi cha kichwa cha kiberiti, nayasugua viganjani mpaka yayeyuke, kisha nabonyeza usoni. Nabonyeza tu. Niliogopa yangeniziba vinyweleo, lakini haya yanakaa juu ya ngozi yanazuia maji yasitoroke, na kwangu hayakuongeza chunusi hata moja. Siku ya tisa magamba ya puani yalikuwa yamekwisha. Chunusi zilikuwepo vilevile, ila uso uliacha kuwaka.

Ndipo nikapewa jeli. Boksi limeandikwa Adapalene Gel 0.1%, kiwanda ni tofauti tofauti kutegemea duka, dawa ni ileile. Iko kwenye ukoo wa vitamini A, na kazi yake ni kuzuia vinyweleo visizibe. Haina harufu. Unatoa kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, unagawanya nukta kwenye paji, mashavu na kidevu, unasambaza. Uso mkavu, usiku, siku zile za mwanzo usiku mmoja baada ya kuruka mmoja. Usiidonoe kwenye chunusi moja moja, kwa sababu inafanya kazi kwenye zile ambazo hazijatoka.

Haya yote niliambiwa. Wiki ya tatu nikaona mambo yanakwenda taratibu, nikaamua kujiongeza. Kila usiku, na punje za njegere zikawa tatu. Jumatatu nafungua kibanda, upepo ukanipiga, nikahisi uso mzima unachonyota kana kwamba nimenawa na maji ya pilipili. Pembe za mdomo zilipasuka. Mchana nikaletewa ugali na dagaa wa kukaanga na kachumbari yenye ndimu, tonge la kwanza tu machozi yakanitoka mbele ya wateja. Wateja wakadhani nimetapeliwa pesa.

Nilirudi kwa mfamasia nimejifunika mtandio. Alicheka kwanza, halafu akasema, “Dada, hii si mboga kwamba ukiongeza moto itaiva haraka.” Akanisimamisha siku tano, mafuta ya mgando peke yake. Kisha tukaanza upya: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kabla ya jeli napaka mafuta ya mgando pembe za mdomo, pembeni mwa pua na chini ya macho, ili jeli isiingie huko. Juu ya jeli, nikishasubiri kidogo, mafuta tena. Hapo ndipo dawa ilipoanza kuelewana na mimi.

Wiki ya sita zilitoka chunusi mpya, nyingi, kwenye mashavu. Nilikuwa nimeonywa kwamba zile zilizojificha chini zinaweza kutoka kwa pamoja, lakini kuonywa na kujiona kwenye kioo ni vitu viwili. Nusura niache. Kilichonizuia ni picha. Kila Jumapili asubuhi nilijipiga picha dirishani, mahali palepale, bila poda, nikahesabu. Wiki ya kwanza 19. Wiki ya sita 23. Wiki ya kumi 8. Wiki ya kumi na tatu 4, na zote ndogo. Usipohesabu, utaikumbuka ile moja iliyoota leo na kusahau kumi na tano zilizoondoka.

Weusi ulioachwa na chunusi za zamani bado upo, umefifia kidogo tu. Kwa ngozi zetu nyeusi alama huchukua miezi, na jua linazikoleza, sembuse jua la ziwani ambalo linakupiga kutoka juu na kutoka kwenye maji. Jeli yenyewe pia inaifanya ngozi isilivumilie jua. Kwa hiyo nilinunua mafuta ya kukinga jua, SPF 30 (ndicho kiwango cha kinga), Sh 25,000, na hapa ndipo penye malalamiko yangu makubwa: yananiacha mweupe kama mtu aliyetoka kusaga mahindi mashineni. Wakati mwingine nayaacha nyumbani, navaa kofia pana. Najua sivyo inavyotakiwa.

Malalamiko mengine. Karatasi iliyo ndani ya boksi haina hata mstari mmoja wa Kiswahili, na herufi zake ni za kusomwa na mchwa. Kama nisingempata mfamasia mwenye subira, ningejichubua mpaka nikaacha. Tyubu ya pili ilinichukua siku nne kuipata, duka moja limeishiwa, jingine likataka Sh 27,000 kwa ileile. Angalia tarehe ya kuisha muda kabla hujalipa.

Mjamzito, au mwenye mpango wa kushika mimba, asiiguse, azungumze kwanza na daktari. Na mwenye yale mavimbe makubwa ya ndani yanayoacha mashimo, asipoteze kipupwe kizima kama mimi kwa majaribio ya dukani, amwone daktari wa ngozi mapema.

Nyota? Jeli naipa nne kati ya tano, moja imeondoka na wiki ya tatu, ingawa kosa lilikuwa langu. Mafuta ya kukinga jua mbili. Mafuta ya mgando tano, na bibi yangu akijua nimeyadharau miaka yote ile atanicheka.

Wiki iliyopita mvua za kwanza zilinyesha, nimeshaiweka glisirini pembeni. Yule mama wa dagaa alikuja kutoa pesa, akainama tena kwenye kidirisha, akanyamaza kidogo. Kisha akasema ana binti wa miaka 16 ambaye siku hizi hataki kutoka nje, niandike hiyo dawa. Nikachukua karatasi ya risiti, nikaandika jina la jeli, nikamwambia aanze kwa kumpeleka binti kwa mfamasia. Chini yake nikaandika mafuta ya mgando, nikapiga mstari mara mbili. Akasoma, akaichukua kalamu yangu, akayakata.

“Haya ninayo nyumbani,” akasema. “Napaka miguuni.”