Rangi ya mafuta au akriliki kwa maonyesho binafsi Dodoma?

Ikiwa imebaki miezi mitatu kabla ya ufunguzi, chukua akriliki, yaani rangi inayochanganywa kwa maji. Tabaka jembamba hukauka ndani ya nusu saa, na kiangazi cha Dodoma huikausha hata kwenye paleti, ubao wa kuchanganyia rangi. Tandaza kitambaa chenye unyevu chini ya karatasi ya kuokea, uchanganyie rangi juu yake. Maji yasizidi rangi yenyewe, maana gundi yake hulegea na baadaye rangi hubanduka. Wakati wa kusafirisha, usilaze picha mbili uso kwa uso: kwenye joto la gari akriliki hushikana.

Mafuta yana kina ambacho akriliki haikifikii, hasa kwenye ngozi na vivuli vya miamba. Ila tabaka la kawaida huchukua siku kadhaa, pengine wiki mbili, kukauka juu, na upepo wa hapa hauna adabu: vumbi jekundu hunata kwenye rangi mbichi, na ukilifuta unaondoka na picha. Geuza kanvasi iangalie ukuta, ukiacha nafasi ya hewa. Vanishi ya mwisho, ile ya kulinda picha, kwa kawaida husubiri miezi sita.

Wenye haraka huanza kwa akriliki, wakamalizia kwa mafuta. Kinyume chake usijaribu. Akriliki haishiki juu ya mafuta.